Vifaa vidogo vya ufinyanzi mnavipangaje?

udongo_mwekundu: Wakuu, karakana ina meza ya futi 4 na magurudumu mawili ya kufinyangia. Sindano, vikwangulio vya kitanzi, waya za kukatia udongo, sponji, magunzi na vipande vya kibuyu vyote vimerundikwa kwenye kopo moja la rangi. Sindano zinashika kutu, na ukichomoa kimoja vinatoka vitatu. Bora ubao wa ukutani au droo?

gunzi_kavu: Ubao. Droo hufungia unyevu, na kifaa cha mfinyanzi hakirudishwi kikiwa kikavu hata siku moja. Chukua plaiwudi ya mm 12, sm 60 kwa 40, ipige vanishi pande zote pamoja na kingo. Kingo ikiachwa inanyonya maji, tabaka zinaachana. Misumari ya inchi 2, ielekee juu kidogo, sm 5 kati ya mmoja na mwingine. Mipini toboa tundu.

Ila usipange kwa aina, panga kwa hatua ya kazi. Safu ya chini iwe ya gurudumu (sindano, ubapa wa mbao, waya), ya kati ya kukwangulia, ya juu ya nakshi na kung'arisha. Aliyekaa kwenye gurudumu mikono imejaa tope, hana nafasi ya kupekua.

Waya ning'iniza kwa kishikio kimoja, unyooke. Ukiuzungushia msumari unajikunja, na hukatikia palepale ulipojikunja. Kabla haujakatika utakuwa umeshachora vitako vya vyungu kadhaa.

mama_tanuri: Kutu ni jambo dogo. Sindano ikidondokea kwenye ndoo ya mabaki, atakayeipata ni anayekanda udongo huo wiki ijayo, kwa kiganja. Zihesabu kabla mabaki hayajamwagwa. Mipini ipake buluu, maana mbao tupu ndani ya tope haionekani. Ncha zichome kwenye kipande cha kandambili kuukuu kilichogongewa ubaoni.

Brashi za glezi (ule mpako unaogeuka kama kioo chungu kikichomwa) zisikae hapo kabisa. Chembe ya kobalti, madini yanayotia glezi buluu, ikihamia kwenye sponji, doa la buluu utaliona baada ya kuchoma, sio kabla.

udongo_mwekundu: Na sumaku ya spika mbovu ya kushikia vifaa, inafaa?

gunzi_kavu: Inanasa chuma cha kawaida, kile kile kinachoshika kutu. Stenlesi nyingi haizinasi. Misumari inatosha. Na ubao ufute kwa kitambaa kibichi, usiupanguse kwa brashi kavu: vumbi la udongo lina silika, na silika inaharibu mapafu.

mama_tanuri: Magunzi, vibuyu na sponji viwekwe kwenye kikapu kilicho wazi, sponji ikamuliwe kwanza. Ndoo yenye kifuniko ni ukungu na harufu ndani ya siku chache.