Ushauri: Arenja kwa anayetunga peke yake, inasaidia au inaua ubunifu?

NotaPekee
Wakuu, habari zenu. Naandika nyimbo zangu, naimba na napiga kinanda. Sina bendi na kwa sasa sitafuti. Mpaka leo natengenezea midundo kwenye kompyuta, ila nikishamaliza kupanga ngoma na besi, hamu ya wimbo wenyewe imekwisha kata. Nafikiria kuhamia kwenye kinanda cha arenja, kile kinachokupigia ngoma, besi na vyombo vingine chenyewe ukishika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkono wa kushoto, familia ya Yamaha PSR-SX au Korg Pa. Kinachonisitisha ni rafiki yangu mpiga jazi: anadai arenja ni karaoke ya vidole, na kila kitakachotoka humo kitanuka kiwanda. Kuna mtu humu anatungia kwenye arenja, sio kupigia sherehe tu? Naomba kuwasilisha.

Besi_Kushoto
Mkuu, mimi natungia humohumo. Rafiki yako ana hoja: ukiwasha staili (mdundo wa bendi nzima uliopangwa tayari), ukaacha kila kitu kilie, ukapiga kodi za C, F, G mpaka mwisho, huo ni wimbo wa kiwanda. Lakini fikiria unavyofanya kazi kwenye kompyuta. Ukitaka kusikia kiitikio kikianzia Am badala ya C, unarudi kuhariri besi, halafu gitaa, halafu nyuzi. Kwenye arenja unasogeza vidole vya kushoto tu, wote wanakufuata papo hapo, na wewe bado unaimba. Melodi inazaliwa ikiwa inaijibu kodi. Kwangu hapo ndipo thamani yake ilipo, hayo mengine ni mapambo.

Ukiipata, anza kwa kuzima. Staili ya Yamaha ina chaneli nane: ngoma mbili, besi, kodi mbili, pedi (sauti ndefu za nyuma) na freizi mbili. Hizo freizi ndizo zenye harufu anayoisema rafiki yako, kwa sababu zimebeba vijimelodi vya mtu mwingine. Bakiza ngoma na besi, nafasi iliyobaki ijazwe na mkono wako wa kulia.

Kisha badili namna mashine inavyosoma kodi, weka Fingered on Bass. Hapo noti ya chini kabisa unayoshika ndiyo itakayopigwa na besi. Jaribu C, halafu G yenye B chini, Am, C yenye G chini, umalizie F. Besi iliyokuwa inarukaruka sasa inashuka ngazi moja moja, na staili ni ileile.

MzeeWaTempo
Mimi yangu niliuza na sijutii. Tatizo langu sio sauti, sauti ni nzuri sana siku hizi. Tatizo ni kule kuzunguka. Staili ikizunguka baa nne (baa ni kipande kimoja cha mdundo), na wewe unaanza kufikiri kwa baa nne nne, mistari yote ya shairi inatoka na urefu mmoja kama tofali. Ukitaka kusita kidogo kabla ya kiitikio, mashine inakusukuma mgongoni. Kama nyimbo zako zinapumua, baki na piano na kompyuta yako.

Sauti_ya_Pili
Mzee, kwenye Yamaha kuna Sync Stop kwa ajili hiyohiyo. Ukiiwasha, staili inalia wakati vidole vya kushoto vimeshika kodi tu. Ukinyanyua, bendi nzima kimya. Unaimba neno lako la mwisho peke yako, unavuta pumzi, ukishika kodi tena wanaanza upya na wewe. Baa tatu na nusu zinawezekana kabisa.

Na wewe NotaPekee, usitafute staili inayofanana na wimbo wako. Chukua bossa nova, ishushe tempo mpaka karibu nusu, uone inageuka kitu gani. Nusu ya mambo yangu mazuri yametoka kwenye staili "isiyofaa".

MzeeWaTempo
Sync Stop naijua, inakata kama mkasi. Kwa wimbo wa taratibu siipendi. Kwa wimbo wenye mdundo, sawa, hapo sina ubishi.

NotaPekee
Ahsanteni wakuu. Vipi kuhusu kujitengenezea staili yangu mwenyewe? Inawezekana kwenye kinanda chochote?

Besi_Kushoto
Hapana, na hapa wengi wanaumia. Baadhi ya zile PSR-E ndogo za Yamaha zinaweza kupakia staili kutoka nje, lakini huwezi kuitunga ndani yake. PSR-SX, Genos (ya Yamaha pia) na Korg Pa zinakuruhusu. Kwenye Yamaha kawaida unarekodi ukiwa kwenye kodi ya CM7: shikilia C, E, G na B, ukitaka kupitia kwingine D na A zinakaa vizuri, F iepuke. Mashine yenyewe ndiyo itakayohamisha noti kulingana na kodi utakayoshika baadaye. Korg ina kitu ninachokipenda zaidi: unaweza kuandika toleo moja la kodi kubwa (meja) na jingine la kodi ndogo (maina), kila moja na mpigo wake.

Anza na besi ya baa mbili uliyopiga kwa mkono, na ikichelewa kidogo nyuma ya ngoma, usiinyooshe. Uchelewaji huo ni wako, hakuna kiwanda kinachokuuzia. Wimbo ukishasimama, rekodi kwa MIDI (noti zenyewe, sio sauti), peleka kwenye kompyuta, ufute chochote usichokipenda. Kompyuta usiiuze.

Sauti_ya_Pili
Nyongeza ndogo: nunua na pedali ya kukanyaga, ipangie fili (kipigo kifupi cha kujazia) au kuhama kutoka Main A kwenda B, yaani toleo moja la staili kwenda jingine. Ukiacha kuinua mkono kutafuta vitufe, melodi haikatiki. Kama utachukua PSR-SX900, ina pia Chord Looper: inazungusha mfululizo wa kodi uliopiga, na mkono wa kushoto unabaki huru kupiga sauti ya pili.

NotaPekee
Basi naenda kujaribu moja nikiwa na wimbo wangu kichwani, sio demo zao. Nitaanza kwa kuzima freizi.