Vipande viwili vya barabara kuu, hela ya kimoja: kipi kitangulie?

Swali
Wakuu, nina takwimu za ajali za miaka 3. Kipande A: km 4, magari 6,000 kwa siku, ajali 18. B: km 0.8, magari 1,500, ajali 3. Kwa kila kilomita milioni 100 zilizoendeshwa, A inatoa ajali 68.5, B 228. Nianze kurekebisha B?

Mpimaji
Hapana. Hesabu ni sahihi, ila imejengwa juu ya ajali 3. Ingepungua moja tu, 228 ingeshuka hadi 152. Vipande vifupi vyenye magari machache hupanda juu ya orodha kwa bahati mbaya, halafu hutulia vyenyewe, na sifa wanapewa waliopaka rangi mistari.

Tafuta ajali zinazotarajiwa kwa barabara ya aina hiyo (N) kwa kutumia modeli, yaani fomula ya kukadiria ajali, kisha zichanganye na ulizoziona. Uzito wa N ni w = 1 ÷ (1 + k × N), k ikiwa mtawanyiko wa modeli (jinsi ajali halisi zinavyotofautiana na makadirio yake); ulizoziona zinapewa 1 − w. Tuseme k ni 0.5, N ya miaka yote 3 ni 10 kwa A na 0.9 kwa B. A: w 0.167, makadirio 16.7, ziada (makadirio kutoa N) 6.7. B: w 0.69, makadirio 1.55, ziada 0.65. Hela iende A.

Kona Kali
Kwanza kagua ajali zimeandikwa wapi. Ripoti nyingi hutaja nguzo ya kilomita iliyo karibu, kwa hiyo ajali hurundikana km 20, km 25, na kipande cha mita 800 kinaweza kubeba za jirani. Kata vipande pale barabara inapobadilika (upana, kona, wingi wa magari). Za makutano zitenge, zina modeli yake.

Muuliza swali
Asanteni. Na pasipo modeli wala takwimu za kuaminika?

Mpimaji
Hapo unapima barabara yenyewe, kwa mtindo wa nyota wa iRAP, mpango wa kimataifa wa kupima usalama wa barabara: kila mita 100 unaandika mabega ya barabara, kona, miti na nguzo za kando, vivuko, mwendo. Nyota ni 1 hadi 5 (5 ndiyo salama zaidi), na walio ndani ya gari, pikipiki, baiskeli na waenda kwa miguu kila kundi lina zake. Njia ya nyota 4 kwa gari inaweza kuwa ya nyota 1 kwa anayetembea.

Kona Kali
Na mwendo upimwe barabarani, usinakiliwe kutoka kwenye kibao. Kibao cha 50 penye magari ya 80 kitakupa nyota za uongo.