Nimelipa ada ya darasa la ngoma, kumbe mwanangu keshafanywa kikundi cha hoteli

Asalaam aleikum wanajukwaa. Mie si mtu wa kuanzisha nyuzi, huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka zangu. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na nikilinyamazia nitapasuka. Jina la hao jamaa silitaji, baba watoto kanikataza, asije akashitakiwa mwenye kulalamika. Niko Unguja mjini, hiyo inatosha.

Mwanangu wa kike ana miaka 11. Kucheza anakupenda tangu anatambaa, ikipita beni ya harusi njiani yeye yuko mlangoni anatingisha mabega. Shangazi yake akaniletea tangazo kwenye simu: darasa la ngoma kwa watoto wa miaka 6 hadi 14, ngoma za asili, baleti na za kisasa, mwalimu ana uzoefu. Nikasema alhamdulillahi, bora hivyo kuliko kushinda na simu. Fomu elfu 20. Ada elfu 60 kwa mwezi na unalipa miezi 3 mbele. Fulana elfu 15. Na "nguo ya maonyesho" elfu 75, ukiuliza wataonyesha nini na wapi unajibiwa "mama, utafurahi mwenyewe". Jumla 290,000. Nikazitoa, nyengine za kikoba. Na katika hiyo miezi 3 mmoja ulikuwa Ramadhani, ukumbi umefungwa mwezi mzima, ada imehesabiwa kama kawaida. Hilo peke yake lingetosha uzi, lakini ngojeni.

Ukumbi wenyewe ni wa kukodisha kwa harusi. Chini vigae vyeupe vinateleza, viti vya plastiki vimerundikwa ukutani, spika moja kubwa kama kabati. Watoto miguu mitupu. Siku ya kwanza nikakaa nitazame. Mtoto anaingia kutoka juani na begi la skuli mgongoni, dakika ya pili anaruka. Hakuna kupasha mwili moto, hakuna kunyoosha viungo hata dakika 5. Siku ya pili tukaambiwa wazazi tusubiri nje, eti tunawavunja nguvu watoto. Nikatoka. Tena nikatoka nacheka. Hapo ndipo ninapojilaumu mie mwenyewe, kwa sababu mwalimu asiyetaka mzazi achungulie hata kwa dirishani ana kitu, na kitu chenyewe nimekuja kukijua nimeshachelewa.

Wiki ya tatu mtoto anashuka ngazi kiubavu. Nikimuuliza, "goti". Nikamsugua mafuta ya karafuu, nikajua ni kukua tu. Ramadhani likatulia. Baada ya Sikukuu wakarudi ukumbini, na siku moja namwosha miguu naona kinundu chini ya goti la kulia, kidogo kama kokwa ya tende, kigumu, ukikigusa anaruka.

Daktari akakibonyeza kidogo tu. Akaniuliza anacheza mchezo gani, halafu akaniuliza anachezea juu ya nini. Juu ya nini! Mie sijawahi hata siku moja kufikiri kuwa sakafu ni kitu cha kuulizwa. Akanifahamisha kuwa mtoto wa umri huu mifupa inarefuka kwa kasi, na pale kano la goti linapojishikiza kwenye mfupa wa muundi pangali laini. Akiruka na kupiga mguu kila siku, kano linavuta pale pale mpaka panavimba. Si ugonjwa wa kutisha, mtu akimaliza kukua kwa kawaida maumivu huondoka wenyewe. Lakini sasa hivi apumzike, awekewe barafu, asiruke. Na akasema kumbi zinazojengwa kwa kazi ya kucheza huwekwa sakafu ya mbao iliyoinuliwa, chini yake pana uwazi, ili mtu akitua mbao inepe. Kigae juu ya zege hakinepi, kinachonepa ni goti la mwanao.

Najua mtu ataniambia wazee wetu hawakuwa na mbao. Kweli, walikuwa na uwanja. Bibi yangu mzaa mama ni Mpemba, na msewe ni ngoma ya kwao. Ile misewe yenyewe, vitu vya kulia kama njuga, hufungwa miguuni, mguu ukipigwa chini ndio inalia, yaani ngoma yote iko chini ya magoti. (Hapo zamani wakiicheza wanaume, wanawake wameingia baadaye, lakini huo si ugomvi wangu wa leo.) Ikichezwa juu ya mchanga, mtu kachoka anakaa. Sasa ichukue ngoma hiyo uipeleke juu ya vigae, umrudishe mtoto mwanzo mara ya 20 kwa sababu mstari haujanyooka.

Nikamwandikia mwalimu ujumbe mrefu: daktari kasema hivi na hivi, mtoto atakuja lakini akae pembeni atazame, asiruke. Akanijibu kwa dole gumba. Dole gumba, basi.

Jumamosi ikatangazwa kwenye grupu kuwa kuna "mazoezi ya pamoja". Gari itawachukua saa 10 alasiri, watarejeshwa kabla ya isha. Isha ikaingia, ikapita. Simu ya mwalimu haipatikani. Saa 4 baba yake keshavaa viatu anataka kwenda polisi. Saa 5 na nusu usiku gari hiyo mlangoni. Mtoto kalala, kavaa nguo ya elfu 75, wanja umemchirizika mpaka mashavuni, mkononi kashika kipande cha keki ndani ya tishu. Walikuwa Nungwi. Nungwi! Mwendo wa kilomita karibu 60 kutoka mjini, na hakuna mzazi hata mmoja aliyeambiwa.

Asubuhi namuuliza taratibu, anakula chapati huku kanyoosha mguu. "Mama, wageni walitupiga picha sana." Na goti? "Nilimwambia mwalimu linauma, akasema nitapumzika tukimaliza."

Nikaomba nionyeshwe walichocheza. Jamani. Nyengine zilikuwa hatua za unyago. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki 2013, alijulikana duniani kwa ngoma hiyo, na ngoma hiyo ina pahala pake: ya mwari, wanawake peke yao, na ina mafunzo yake. Leo anapewa mtoto wa darasa la 5 akaicheze mbele ya watu wanaokula chakula cha usiku?

Mtoto wa dada yangu, hawa vijana wa simu, hakuchukua dakika 10 kuniletea ukurasa wao. Picha za watoto wetu zimejaa, mwanangu yuko mbele kabisa, wa pili kutoka kushoto. Chini yake namba ya simu na maneno: tunapatikana kwa harusi, hoteli na matamasha.

Hapo kila kitu kikakaa pahala pake kichwani. Kwa nini ngoma tatu tu tangu tuanze, hizo hizo, mpaka mtoto anazicheza usingizini. Kwa nini hiyo baleti hatujaiona hata kwa dawa. Kwa nini kupasha mwili moto ni kupoteza wakati. Kwa nini wanalazimishwa kupiga msamba, mwalimu kamkalia mtoto mgongoni ashuke, maana msamba unapigiwa makofi. Darasa lingemuuliza mtoto amefika wapi. Wale wana kazi ya Jumamosi na walihitaji watoto 12 wa urefu mmoja. Mie kikundi sikikatai, wapo watu wazima wanaishi kwa kazi hiyo na ni kazi ya halali. Lakini mtu wa kikundi hulipwa. Wangu kalipa yeye, akapewa keki.

Nikampigia. "Mwalimu, nataka ada ya Ramadhani na wiki zilizobaki, na hizo picha uzitoe."

"Bi mkubwa, ada hairejeshwi, imeandikwa kwenye fomu."

"Fomu ipi? Mbona sikupewa nakala?"

"Wazazi wenzako wote wanashukuru."

Nusu saa baadaye nikaona nimeondolewa kwenye grupu.

Sasa nyie mnaotaka kuwapeleka wenu likizo ijayo. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda uvue viatu usimame juu ya ile sakafu, urukeruke mwenyewe mara 10, usione haya. Kaa saa nzima utazame, wakikutoa nje mchukue mtoto muondoke pamoja. Muulize mwalimu nani kamfundisha kufundisha watoto, maana kucheza vizuri na kumlea mtoto anayekua ni kazi mbili. Uliza waziwazi: hili ni darasa au ni kikundi? Wakitoka, wanakwenda wapi, saa ngapi, na nani, na malipo anapokea nani? Kama ni kikundi cha sanaa, uliza kama kimesajiliwa BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la hapa Zanzibar, na uione karatasi kwa macho yako. Fomu usome, nakala urudi nayo. Kuhusu picha, uandike kwa mkono wako unakubali au hukubali.

Na mtoto akilalamika maumivu, musimsugue karafuu wiki tatu kama mie. Kuchoka misuli baada ya siku mbili hupungua. Maumivu ya pahala pamoja, kwenye mfupa, yanayorudi kila akicheza, hayo si ya kuchoka.

(Kuna mama wa lile grupu kaagiza viatu vya baleti vya kusimamia ncha kwa mtoto wa miaka 8, sijui kashauriwa na nani. Dada, kama unasoma hapa, viweke. Hata huko vinakotoka mtoto hapewi mpaka afike kama miaka 11 au 12, tena awe keshajifunza miaka kadhaa na miguu imepata nguvu.)

NYONGEZA: Naona kuna aliyeandika "ngoma yenyewe ulimpelekea nini, si ungempeleka chuoni". Kaka yangu, chuoni anakwenda, yuko juzuu ya tatu. Uzi huu hauhusu kucheza ni halali au haramu, unahusu mtoto aliyesema anaumwa akaambiwa amalize kwanza.

NYONGEZA 2: Mliouliza tunaripoti wapi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ni Namba 6 ya 2011, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo wasikwambieni "huyu keshakuwa mkubwa". Ipo namba 116 ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Mie Jumatatu asubuhi naanzia kwa sheha, na cheti cha daktari, ujumbe wangu wenye dole gumba, na zile picha nimezihifadhi kabla hawajazifuta. Wazazi wawili wameshaniandikia faragha, mmoja wa mwanawe kateguka kifundo pale pale kwenye vigae na alinyamaza akidhani ni yeye tu. Kama ulikuwa kwenye lile grupu, niandikie kabla ya Jumatatu.