Mpiga picha kaniuzia "nakala namba 4 kati ya 15" kwa laki tisa, kumbe ni picha iliyosafishwa studio tu, na namba hiyohiyo anayo mtu mwingine

Wakuu, nimekasirika na nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka apite.

Kuna mpiga picha mmoja hapa Dar, anajitegemea, ana wafuasi wengi na kazi zake ni nzuri, hilo simnyimi. Jina siliweki. Alitangaza picha za kuuza za reli ya TAZARA, zote nyeusi na nyeupe. Mojawapo ni ya stesheni ya Mlimba: mvua inanyesha, mfanyakazi mmoja kajibanza chini ya paa, taa mkononi. Baba yangu aliitumikia reli ile tangu ujana wake hadi anastaafu, na Mlimba alikaa miaka. Nilipoiona tu nilijua ile picha lazima ikae ukutani kwa mzee.

Bei ilikuwa laki tisa, sentimita 40 kwa 60, bila fremu. Sikuomba hata punguzo, kwa sababu alichokiandika kilistahili hela hiyo. Ninayo meseji yake mpaka leo: karatasi ya pamba asilimia 100, gramu 310 kwa mita ya mraba, isiyotiwa kemikali ya kung'arisha weupe, wino wa pigimenti, nakala 15 tu zenye namba na sahihi, "na haitachapwa tena kwa ukubwa wowote".

Watakuja watu hapa kuuliza picha gani ya laki tisa, kwa hiyo niwajibu mapema. Faili la kamera ya dijitali linaweza kutoa nakala hata elfu kumi na ya mwisho ikafanana na ya kwanza. Kinachoifanya picha iwe ya nakala 15 ni neno la mpiga picha, basi. Ameahidi kusimama kwenye kumi na tano, mnunuzi anailipia ahadi hiyo. Kingine unacholipia ni karatasi na wino. Karatasi ya pamba ya daraja lile haitengenezwi hapa, inaagizwa Ulaya kutoka kwa viwanda kama Hahnemühle na Canson, ina gharama ya usafiri na ushuru, na mchapaji akikosea rangi mara moja shiti nzima imepotea. Wino wa pigimenti ni chembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi na kuhimili mwanga kwa miaka mingi, wakati wino wa kawaida wa printa za bei rahisi hupauka mapema. Mtu akifanya hayo yote kwa uaminifu, laki tisa mimi naitoa kwa moyo mweupe.

Picha ikaletwa na bodaboda, imekunjwa ndani ya bomba la plastiki. Kwenye mwanga wa dirishani nikaona inang'aa kuliko nilivyotarajia, maana karatasi ya pamba ya aina aliyoitaja mara nyingi ni ya mati, haimetimeti. Usiku chini ya tyubulaiti ndiyo ikanishtua: ile nyeusi na nyeupe imegeuka ya kijani. Mashavu ya yule mfanyakazi kijani, mvua kijani. Nikampigia. Akasema, "Bosi, hiyo ni taa yako tu, ukiweka fremu itatulia."

Nikaipeleka kwa fundi fremu Kariakoo, mzee ambaye amekata paspatu, yale makadi yanayozunguka picha ndani ya fremu, tangu enzi za filamu. Akaishika kwenye kona, akaipindua, akapitisha kidole nyuma yake. Akasema, "Mwanangu, hii ni karatasi ya kusafishia picha. Ina plastiki mbele na nyuma. Nani kakwambia pamba?" Akachukua ile taa ndogo ya zambarau wanayokagulia noti, akaimulika nyuma: karatasi nzima ikawaka bluu. Karatasi isiyo na kemikali ya kung'arisha haiwaki hivyo, inabaki imepoa. Kisha akanipa lenzi yake. Ukiangalia picha ya printa ya wino kwa lenzi unaona vitone vidogo vidogo vya wino. Pale hapakuwa na kitone hata kimoja, rangi imelala laini moja kwa moja, yaani ni picha ya mashine ya studio, ile ya karatasi ya rangi na dawa. Na hapo ndipo ile kijani inapotoka: mashine ile inatengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi tatu, mchanganyiko ukiyumba kidogo tu picha yote inachukua rangi. Printa za kazi ya sanaa zina wino wa kijivu wenyewe, wa aina mbili tatu, ndiyo maana nyeusi na nyeupe yake inatulia.

Sahihi nayo. Kwenye karatasi ya pamba wapiga picha wengi wanasaini kwa penseli pembezoni mwa picha. Huyu kasaini kwa makapeni, maana penseli haishiki kwenye plastiki. Cheti cha uhalisi ndiyo balaa zaidi, kwani sahihi ya pale haijaandikwa kwa mkono, imechapwa pamoja na maandishi mengine, na kwenye lenzi inaonyesha vitone. Hakuna mwaka wa kupigwa picha, hakuna mwaka wa kuchapwa, hakuna jina la karatasi wala wino. Kuna jina lake kubwa na nembo.

Studio yoyote pale Kariakoo inakusafishia ukubwa huo kwa sehemu ndogo sana ya laki tisa. Na hilo bado nilikuwa tayari kulimaliza kimyakimya, nirudishiwe hela yaishe.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni namba. Niliiweka picha kwenye status, nikiuliza kama kuna anayejua mchapaji mzuri. Mtu ninayefahamiana naye kikazi akanijibu, mbona hata sisi tunayo ofisini. Akanitumia picha. Ni ileile ya Mlimba, kubwa mara mbili ya yangu, imechapwa kwenye kanvasi, imetundikwa mapokezi. Kona ya chini kulia: 4/15. Yangu ni 4/15. Akauliza kwa mhasibu wao, wakathibitisha wameinunua kwa bwana huyuhuyu, baada ya mimi.

Nikamwandikia. Jibu la kwanza: "Bosi wangu, kwani picha si ni ileile?" Nikarudia kuisoma meseji hiyo mara kadhaa. Mtu aliyejenga bei yake yote juu ya karatasi na uchache, anamwambia mteja karatasi na uchache si kitu! Jibu la pili: karatasi ya pamba ilichelewa bandarini, akaona asinicheleweshe. Kama ilichelewa angesema, ningesubiri, mzee wangu amesubiri treni maisha yake yote. Jibu la tatu: ile ya kanvasi ni toleo jingine, haihesabiki na la kwangu. Mwisho akaniahidi kuipiga picha familia yangu bure. Nilipokataa akaniblok.

Hilo la "toleo jingine" nalijibu vizuri, kwa sababu najua amelitoa wapi. Marekani kuna kesi inayojulikana sana. Mkusanyaji wa picha wa New York, Jonathan Sobel, alimshtaki mpiga picha William Eggleston mwaka 2012, baada ya Eggleston kuchapa upya kidijitali, kwa ukubwa mpya, picha zake za zamani, zikiwemo ambazo Sobel alikuwa amenunua za matoleo ya nakala chache. Hizo nakala mpya, 36 kwa jumla, ziliuzwa mnadani Christie's kwa dola milioni 5.9. Mwaka uliofuata mahakama ikayatupa madai ya Sobel, ikaona toleo jipya la ukubwa na uchapaji tofauti ni jambo tofauti na toleo la zamani. Sawa. Lakini Eggleston hakurudia namba za nakala za zamani kwenye zile mpya kana kwamba ni zilezile. Huyu wetu kaandika kwa mkono wake "kwa ukubwa wowote", kisha kaibandika namba ya nakala yangu kwenye mali aliyomuuzia mtu mwingine. Kama ni toleo jingine, kwa nini lina namba ya toleo langu?

Na kabla hamjaniambia nimuache kijana atafute riziki: wapo wapiga picha wanaoagiza hiyo karatasi kwa hela yao, wanaopima rangi ya skrini zao, wanaoweka daftari la kila nakala imekwenda kwa nani na lini. Hao ndio anaowaua. Mimi nikitapeliwa leo, kesho nikiambiwa laki tisa na mtu mkweli nitageuza mgongo, na wote mliosoma uzi huu mtageuza. Msiniambie pia kwamba nchi hii haina watu wa kujali mambo ya picha. Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na picha za studio ile bado zinatazamwa na kuheshimiwa.

Ninachotaka ni hela yangu yote, na niko tayari kumrudishia hiyo picha yake ya plastiki siku hiyohiyo. Na wale wa kanvasi waambiwe ukweli kuhusu namba yao. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, sheria ya mauzo ya bidhaa inataka ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kibiashara. Nimeshapanga meseji zote, muamala, cheti, na picha za zile 4/15 mbili zikiwa pamoja. Asipojibu, jalada linakwenda FCC, yaani Tume ya Ushindani.

Mwenye picha yoyote ya mfululizo ule wa TAZARA, nyeusi na nyeupe, naomba aangalie mambo mawili leo: namba iliyoko kona ya chini kulia, na nyuma ya karatasi kwa taa ya kukagulia noti. Ikiwaka bluu au namba yako ni 4, njoo PM na risiti yako. Tukiwa wengi lalamiko linakuwa moja.