Nitoke saa ngapi ili nivuke fungu la mlangoni nikiwa peke yangu?

Kana_Mkononi
Wakuu, naomba mnikagulie hesabu. Mashua yangu ni ya mita 4.8, ina tanga kuu na tanga la mbele, haina mashine. Ubao wa kati ukishushwa inahitaji kina cha mita 0.9, ukipandishwa 0.2. Nitakuwa peke yangu. Safari ni maili 14 za baharini kando ya pwani, upepo wa ubavuni, mwendo wangu maili 3.5 kwa saa. Ninakotoka kuna kina muda wote. Ninakokwenda ni mlango wa mto, na mdomoni kuna fungu la mchanga ambalo kwenye ramani linabaki kavu kwa mita 0.6 (yaani liko mita 0.6 juu ya sifuri ya vipimo vya maji). Siku hiyo maji yanajaa saa 11:00 alfajiri (mita 4.0), yanapwa saa 5:10 asubuhi (0.4), yanajaa tena saa 11:25 jioni. Mkondo wa kupwa unanipeleka, wa kujaa unanirudisha. Nimepanga kutoka saa 2 asubuhi ili niutumie mkondo wote. Na nanga ina kamba ya mita 20, inatosha?

Bildi
Usitoke saa 2, mkuu. Mkondo ukikusaidia kwa maili 1 kila saa utakwenda 4.5, na saa 5 na dakika chache uko mbele ya fungu lililo kavu. Hapo utangoja saa tatu nzima nje, mawimbi yakikusukuma mchangani.

Anza hesabu mlangoni, kisha rudi nyuma. Fungu 0.6, ubao 0.9, ongeza 0.6 ya mawimbi: unahitaji maji yafike mita 2.1. Sasa gawa tofauti ya kujaa na kupwa, yaani 3.6, sehemu kumi na mbili, kila moja 0.3. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kutoka 0.4 unapata 0.7, halafu 1.3, halafu 2.2. Kwa hiyo mlango unafunguka kama saa 8:10 mchana.

Toka saa 4:00 asubuhi. Mpaka maji yanapopwa umekwenda maili 5 na robo. Zilizobaki 8.75, mkondo ukikupunguzia nusu maili kila saa, ni karibu saa tatu. Unafika saa 8:05. Upepo ukilegea ukabaki na 2.5, unafika kama saa 10 alasiri na maji bado yanapanda. Hiyo nafasi ya mbele ndiyo inayokulinda: ukigusa mchanga maji yakijaa, yatakunyanyua. Ukigusa yakipwa, umekaa hapo mpaka usiku.

Saa ya kuweka uamuzi ni saa 7 mchana. Kama hujafika nusu ya njia, geuza. Mkondo wa kujaa utakurudisha nyumbani.

Joshi_Tupu
Naunga mkono, ila hakikisha jambo moja: maji kuanza kupanda na mkondo kugeuka si kitu kimoja. Karibu na midomo ya mito mkondo unaweza kuendelea kutoka saa moja au zaidi baada ya maji kuanza kupanda. Tazama boya au kigingi: kama maji yanakunja mkia upande wa bahari, bado yanatoka. Mkondo unaotoka ukikutana na mawimbi yanayoingia, mawimbi hufupika na kusimama wima, na hapo ndipo mashua ndogo hujaa maji.

Kumbuka pia kwamba ukitoka baharini unayaona mawimbi yanayovunjika kwa mgongoni, kwa hiyo yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Simama nje dakika kumi uhesabu. Yakivunjika upana wote wa mlango, usiingie.

Kupunguza tanga: fanya kabla ya kung'oa nanga kama povu jeupe limeshaanza kuonekana. Ukilazimika njiani, geuza omo (mbele ya mashua) upite upepo bila kulegeza demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, ya tanga la mbele. Tanga litajaa kinyume. Legeza demani ya tanga kuu, sukuma kana (mti wa usukani) upande ulioangukiwa na tanga na uifunge kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Mashua itatulia. Shusha henza, kamba ya kupandishia tanga, mpaka alama (ishone kwa uzi mwekundu, usikisie), funga pembe ya mbele, kaza henza, kisha vuta kamba ya pembe ya nyuma mpaka kitambaa kinyooke. Watu wengi hulegeza hapo mwisho, tanga linakuwa mfuko na kuchanika kwenye vitanzi vya katikati.

Jifunge kwenye mashua. Kwa maili 3 kwa saa inakuacha mita 90 kila dakika, huwezi kuifuata kwa kuogelea. Tezini, nyuma ya mashua, tundika kitanzi cha kukanyagia, chini yake upitishe kipande cha mpira wa maji ili kibaki wazi. Kamba tupu hujibana, na mguu hauingii.

Bildi
Nanga nilisahau. Mita 20 hazitoshi. Ukitia mahali penye mita 1.5 maji yakiwa yamepwa, yakijaa ni 5.1, na kimo cha omo juu ya maji 0.5: jumla 5.6. Kamba ya mara tano ya hapo ni mita 28, ya mara saba 39. Chukua kamba ya mita 40 na mnyororo wa mita 5, na ncha ya ndani uifunge kabla hujatupa. Kwa kamba fupi nanga hushika vizuri mwanzoni, kisha huinuka maji yanapopanda kwa kasi, saa ya tatu na ya nne.

Kana_Mkononi
Saa 4 basi. Ubao ukigonga mchanga mlangoni nifanyeje?

Joshi_Tupu
Upandishe nusu papo hapo, usukume kana, urudi ulikotoka. Una sentimita 70 chini ya mashua, na ubao umekwambia kabla ya mkuku (mti wa chini ya mashua) kugusa. Usiupandishe wote: mashua itateleza kwa ubavu, upepo utakupeleka juu ya fungu.

Kana_Mkononi
Nimeelewa. Kamba nanunua kabla ya kuondoka.