Mayai yanayogoma kumenyeka

Dada: Jamani, shikamooni wakubwa. Nani yuko macho? Nimechemsha mayai 12, nimemenya manne, yote yametoka hivi 👇
Dada: [picha]

Kaka: Hilo la kulia ni yai au ni mwezi? 😂

Dada: Usinicheke, wageni wanafika saa saba. Ganda likitoka linaondoka na nusu ya ute.

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Mayai yenyewe ya lini?

Dada: Ya jana na leo, Ma'mdogo. Mabichi kabisa, nilifurahi kuyapata.

Mama Mdogo: Basi ndiyo hapo. Yai la leo likaange. La kuchemsha na kumenya liache kwanza wiki moja au siku kumi.

Kaka: Yaani yai likizeeka ndiyo linakuwa na adabu?

Mjomba: Ni kweli kabisa. Ganda lina vitundu maelfu, macho hayavioni. Yai likitagwa, ute una hewa ya ukaa ndani yake. Siku zikipita, hewa hiyo inatoroka kidogo kidogo kupitia vitundu hivyo na ute unapoteza uasidi. pH yake, yaani kipimo cha uasidi (ikipanda, uasidi umepungua), ikianza kwenye 7.6 hivi, inapanda mpaka karibu 9.2. pH ikiwa bado chini, ute ukipikwa unang'ang'ania ule utando wa ndani ya ganda. Ikipanda, ute unaachia.

Kaka: Mwalimu kaingia, kaeni chini 🫡

Dada: Asante Mjomba, ila siwezi kuyazeesha kabla ya saa saba.

Mama Mdogo: Uliyatia kwenye maji ya moto au baridi?

Dada: Baridi. Nikaweka mayai, nikamimina maji, nikawasha jiko. Si ndivyo Bibi alivyotufundisha?

Bibi: [ujumbe wa sauti, 3:12]

Kitinda: Kwa wasio na nafasi: Bibi anasema hajawahi kumfundisha mtu hivyo. Sekunde 40 za mwanzo anamfukuza paka. Halafu anasema maji yachemke KWANZA, ndipo ushushe mayai kwa upawa, moja moja, usiyatupe kama mawe. Yakishaingia, punguza moto yasigongane. Dakika tatu zote ni hayo tu, mengine ni kukulalamikia.

Bibi: [ujumbe wa sauti, 0:09]

Kitinda: Anasema nifikishe ujumbe bila kuongeza chumvi.

Kaka: Na chumvi je? Mimi huwa natia kijiko kizima ili yamenyeke.

Mama Mdogo: Kumenya haikusaidii lolote. Yai likipasuka jikoni, hapo chumvi au siki inafanya ute unaovuja ugande haraka usitapakae. Basi.

Mjomba: Bibi yenu yuko sahihi kuhusu maji ya moto. Ute wa nje unaganda ghafla, haupati muda wa kushikana na utando. Ukianza na baridi unaupa muda huo. Mvuke nao unafaa vilevile.

Dada: Dakika ngapi? Yale ya kwanza niliyaacha 20 kwa woga, na kiini kina pete ya kijani.

Mama Mdogo: Dakika 20! Kiini laini ni 6 au 7. Kigumu ni 11 au 12, yakitoka jokofuni usipunguze hapo. Kisha mara moja kwenye maji yenye barafu, yapoe kabisa.

Mjomba: Pete hiyo ni chuma cha kiini kimekutana na salfa ya ute. Haina madhara, ila inatangaza kwamba ulisahau jiko.

Dada: 🙈 Na yale manane yaliyobaki?

Mama Mdogo: Gonga upande mnene, ule wenye nafasi ya hewa. Biringisha mpaka ganda lipasukepasuke lote, halafu menya ndani ya bakuli la maji. Hakikisha umeushika na utando. Ukimenya ganda tupu utalia.

Kaka: Yakikataa, yaponde uchanganye na kitu. Aliyepondaponda haulizwi sura.

Dada: Nimeweka mengine 10 kwa njia ya Bibi. Narudi.

Kaka: Tunasubiri kama matokeo ya mtihani.

Dada: Manane yametoka laini kama yamepigwa pasi!! Mawili yamechubuka kidogo. Na ni mayai yaleyale ya jana na leo. Bibi, nisamehe 🙏🏾

Bibi: [ujumbe wa sauti, 1:47]

Kitinda: Kasamehe. Sasa nami nina swali. Nilichemsha matano hapa, nikayarudisha kwenye trei pamoja na mabichi. Nitayajuaje?

Mama Mdogo: Ee Mungu, mtoto huyu.

Mjomba: Lizungushe mezani. Lililoiva linazunguka kama pia. Bichi linayumba na kusinzia, kwa sababu maji ya ndani hayafuati mzunguko wa ganda. Halafu lisimamishe kwa kidole, uachie hapo hapo. Likianza kuzunguka tena lenyewe, ni bichi.

Kitinda: La kwanza limezunguka vizuri. La pili nalo.

Mjomba: Zungushia katikati ya meza, si ukingoni.

Kitinda: Mjomba, ungeanza na hilo.

Kitinda: Lilikuwa bichi.

Kitinda: Paka amerudi.