Ameutoa mkoba begani mwangu na kuupangusa, ati si wa kutilia samaki

Binti wa Makunduchi:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninaandika haya mikono ikiwa bado inanitetemeka, kwa sababu haijatimia saa moja tangu nitoke katika duka lile tunalolijua sote, lenye mikoba ya ukili, yaani ya mikanda iliyosukwa kwa majani ya mkindu, iliyotundikwa mlangoni kuanzia juu mpaka chini kama samaki waliotungwa kwa kamba. Jina la mwenyewe sitalitaja na wala hakuna haja, kwani nikisema ni yule bwana anayekaa barazani akiwasalimia wageni kwa lugha tano, nasi wenyeji hatuitikii hata kwa moja, kila apitaye njia ya Mji Mkongwe amekwisha kumfahamu.

Nilikwenda kutafuta kitu kimoja tu, nacho ni mkoba uliotengenezwa hapa hapa Zanzibar, wa kwendea sokoni. Nimechoka na mifuko hii ya kitambaa cha plastiki inayouzwa kila pembe ya Darajani, ambayo ukiitia mbatata kilo tatu na nazi mbili, mkono wake mmoja unakatika ukiwa katikati ya barabara. Mifuko ya namna hiyo niliyokwisha kuinunua ningeliishona pamoja, ningelipata tanga la jahazi la kunifikisha Pemba na kunirudisha.

Basi nikauona mmoja ulionituliza moyo. Ulikuwa wa ukindu, ukili wake umesukwa kwa chane nyembamba, zambarau na kijani zimepishana, na mishono yake haionekani mpaka uiguse kwa kidole. Marehemu bibi yangu alikuwa akishona vile vile kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea ukili, tena bila kuutazama mkono wake. Nikauchukua, nikautia begani, nikauliza bei. Bwana yule akaniuliza ninautakia nini. Nikamjibu kwa ukweli wangu wote kwamba ninautaka wa kutilia samaki na tungule.

Hapo ndipo alipoinuka, akautoa mkoba begani mwangu kwa mkono wake, akachukua kitambaa, akapangusa pale nilipoushika, akautundika mlangoni, kisha akasema: "Bibie, huu si wa kutilia samaki. Huu ni wa wageni."

Aliupangusa, ndugu zangu! Nimetawadha, nimevaa buibui safi, nina manukato ya kuweza kufukiza mtaa mzima, na mtu ameupangusa mkoba kwa kuwa nimeugusa mimi. Bei nilikuja kuisoma mwenyewe kwenye kikaratasi kilichofungwa mkononi mwa mkoba, nayo imeandikwa dola 25. Ni ukili wa hapa na mshono wa hapa, lakini bei haikuandikwa kwa shilingi.

Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, ambako marufuku yalianza tarehe 1 Juni 2019. Mimi nilidhani kwamba kuanzia siku hiyo vikapu na mapakacha vitarudi mikononi mwetu. Badala yake imekuja hii inayoitwa mifuko mbadala, ambayo kwa sehemu kubwa ni polipropilini, yaani plastiki ile ile iliyofanywa ifanane na nguo, na vikapu vyetu vimepanda juu ya milango ya maduka ya wageni. Hayo yote ningeliyavumilia. Kupanguswa siwezi kukuvumilia. Ningelikuwa nimetoka kuparua samaki wa Malindi wote, bado asingelikuwa na haki ya kuupangusa mbele yangu.

Mzee wa Kikwajuni:

Pole sana, mwanangu. Bwana huyo namjua tangu hana hata kiti cha kukalia. Mimi niliingia kwake nikitaka kikapu cha kumpelekea mke wangu, akaniambia biashara ya kuleta wageni ina kamisheni yake, nimwambie mgeni wangu yuko wapi. Nilipomwambia sina mgeni, alinitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Fundi wa Ng'ambo:

Dada, mimi nitasema kweli hata kama utanichukia. Kosa ni lako. Nani alikufundisha kutia samaki katika mkoba wa ukindu? Maji ya samaki yakishaingia katika ukili, utauanika mwezi mzima na paka wote wa Michenzani watakufuata mpaka mlangoni kwako. Wazee wetu walitia samaki katika pakacha, kwa sababu pakacha ni kuti bichi la mnazi, linasukwa kwa muda mfupi na likichakaa linatupwa bila ya majuto. Ungelisema ni mkoba wa kwendea harusini, sasa hivi ungekuwa nao.

Binti wa Makunduchi:

Kaka Fundi, hata kama ningetaka kuutilia mkaa, mimi ni mnunuzi na ule ni mkoba. Sikuja hapa kuuliza namna ya kuuosha. Nimesema aliutoa begani mwangu na akaupangusa. Ulikuwapo ukaona kile kitambaa? Kilikuwa kichafu kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho mimi.

Msukaji wa Konde:

Mimi ninaandika kutoka Pemba, na huenda ukili wa mkoba huo umetoka katika kitanga changu. Wewe, mwanangu, umepanguswa mara moja, lakini sisi tunapanguswa kila wiki. Tunakwenda kukata kindu wakati jani bado ni changa, tunazianika mpaka ziwe nyeupe, tunazichana, nyingine tunazichemsha na rangi, ndipo tunasuka pima kwa pima mpaka vidole vinaota sugu. Halafu anakuja mnunuzi. Kila mtu anajua kwamba pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mnunuzi wetu yeye mwenyewe ni mfupi, kwa hiyo anakuja na kijana wake wa kupimia, ambaye akinyoosha mikono hapa Konde, vidole vyake vinakaribia Wete. Pima zangu ishirini zikipita kifuani kwa kijana yule zinageuka kumi na tano. Nikisikia kwamba mkoba mmoja unauzwa dola 25, ninatamani nijue pima zangu tano zilizopotea ziko katika mkoba wa nani.

Mzee wa Kikwajuni:

Subhanallah. Pima ya namna hiyo ni wizi wa mchana. Kwa nini msimpime kwa kamba?

Msukaji wa Konde:

Tulileta kamba, mzee wangu. Akasema kamba yetu imenywea kwa mvua.

Muuza Dagaa:

Kwa kuwa Fundi ametaja pakacha, mimi nina langu na ninaomba lisikilizwe. Pakacha za siku hizi zinasukwa na watu wenye haraka ya kwenda kutazama mpira. Zimeachwa wazi kiasi kwamba mteja akinunua dagaa kwangu, akifika kituo cha daladala amebaki na majani matupu, na njia nzima nyuma yake kunguru wanakula jasho langu. Kisha anarudi kunigombeza mimi, kana kwamba nimesuka mimi.

Mwalimu wa Skuli:

Nyote mnalalamikia mikoba halali. Mimi nikinunua maembe mtaani kwetu, muuzaji anatazama kulia na kushoto, anainama, na anatoa chini ya meza mfuko mweusi wa plastiki uliopigwa marufuku tangu wanafunzi wangu hawajazaliwa. Ninafundisha somo la mazingira asubuhi, na jioni mfuko ule ule ninaukuta umenasa katika mikoko. Nilipomkatalia, alinimiminia maembe katika mtandio wangu mweupe.

Fundi wa Ng'ambo:

Mwalimu, nunua mfuko wa kiroba. Mafundi cherehani wa Mwanakwerekwe wanaishona kutokana na magunia ya mchele yaliyokwisha kutumika. Mkono wake unashonwa mara mbili, unabeba mbatata, nazi na hata jiwe la kusagia. Ni kweli kwamba gunia hilo nalo ni plastiki, lakini limekwisha kuwapo, na afadhali libebe maembe yako kuliko kutupwa.

Muuza Dagaa:

Je, mfuko huo wa kiroba unazuia dagaa?

Fundi wa Ng'ambo:

Dagaa unawazuia. Maji yao hauyazuii, kwa sababu kiroba kimefumwa na kina matundu madogo. Mwambie fundi akutilie kitambaa ndani.

Binti wa Makunduchi:

Jamani, mbona hakuna hata mmoja anayenijibu juu ya kupanguswa? Mtu mzima, mchana kweupe, ameutoa mkoba begani mwangu!

Mwalimu wa Skuli:

Tumekusikia, dada, na tumekupa pole. Fundi, huyo anayeshona yuko upande wa kituo cha daladala au upande wa soko?

Fundi wa Ng'ambo:

Upande wa soko. Fika kabla ya adhuhuri, na nenda na gunia lako mwenyewe, ukilichagua lisilo na maandishi mengi.

Muuza Dagaa:

Bi Msukaji wa Konde, ukiacha ukili, unasuka pakacha? Mimi nitachukua hamsini kwa wiki, na sitakuja na kijana wa kupimia.

Msukaji wa Konde:

Pakacha haipimwi kwa pima, mwanangu. Lakini nitumie mtu wa kuzihesabu ambaye mikono yake ni ya kawaida.